Sura za Heathcliff: Usawiri wa Mhusika Kutoka Riwaya Hadi Filamu

Mwandishi wa riwaya anaweza kumsawiri mhusika kwa maneno machache na kumwachia msomaji kuikamilisha sura. Mwelekezi wa filamu hana hiari hiyo. Sharti ateue mwigizaji na auoneshe uso wake. Makala haya yanachunguza jinsi Heathcliff, mhusika mkuu katika riwaya ya Emily Brontë, Wuthering Heights (1847), alivyosawiriwa katika filamu tatu.

Katika riwaya, Mzee Earnshaw anamwokota mtoto huyu jijini Liverpool na kumpeleka kwake Yorkshire. Asili yake haibainishwi. Tunaambiwa tu kuwa ngozi yake si nyeupe, na wahusika wengine wanakisia: mara ni Mjipsi, mara ni mwana wa mabaharia wa Kihindi. Nelly, mtumishi anayesimulia sehemu kubwa ya kisa, anadokeza kwamba hamhesabu kuwa Mwafrika. Hata hivyo, Nelly naye anakisia tu. Isitoshe, Liverpool ya karne ya 18 ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa. Kumsoma Heathcliff kama mtu mweusi, basi, si kuipachika riwaya jambo geni.

Filamu ya William Wyler (1939) ilimteua Laurence Olivier, na ile ya 1992 ikamteua Ralph Fiennes, wote Waingereza weupe. Mwaka wa 2011, Andrea Arnold aliwateua Solomon Glave na James Howson, waigizaji weusi, kuigiza utoto na utu uzima wa Heathcliff. Mhakiki akihoji uaminifu wa Arnold kwa matini, haki yamtaka amhoji Wyler vilevile.

Uteuzi wa Arnold una faida ya kimaudhui. Hindley anapomnyima Heathcliff masomo na kumsukuma shambani, mtazamaji anatambua mara moja ubaguzi uliomo. Aidha, tunayaona mengi kwa macho ya Heathcliff mwenyewe, ilhali riwayani tunamjua kupitia usimulizi wa Nelly na Lockwood.

Pamoja na hayo, filamu za 1939 na 2011 zimekiacha kisa cha kizazi cha pili. Humo Heathcliff anamtwaa Hareton, mwana wa Hindley, anamnyima elimu na kumfanya kibarua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Mdhulumiwa amegeuka mdhalimu, na hapa ndipo ulipo uzito wa dhamira ya Brontë. Bila sehemu hii, Olivier anabaki kuwa mpenzi aliyevunjwa moyo, naye Howson anaelemea upande wa mwathiriwa. Filamu ya 1992 inavisimulia vizazi vyote viwili, lakini inalikwepa suala la rangi.

Msimamo wetu ni kwamba uwakilishi hautimizwi na rangi ya mwigizaji pekee. Mhusika mweusi anawakilishwa kikamilifu anapopewa mapenzi, machungu na hata uovu wake, sawa na mhusika mwingine yeyote. Kumwondolea hatia zake ni kumpunguzia utu.

Mtahiniwa na azingatie funzo hili. Filamu ni ufasiri mmoja wa matini, si matini yenyewe. Ukiulizwa kuhusu usawiri wa mhusika riwayani, ushahidi wako utoke riwayani, hata kama sura iliyo akilini mwako ni ya mwigizaji.