Lala Salama Isiyo na Usingizi

Tarehe 12 Desemba 2024, mjini Singapore, Ding Liren wa China aliisogeza ngome yake hadi f2, na kwa hatua hiyo moja akaupoteza ubingwa wa dunia wa sataranji. Ilikuwa hatua ya 55 ya mchezo wa 14, wa mwisho katika ratiba, na wachezaji walikuwa wamefungana kwa pointi 6.5 kila mmoja. Gukesh Dommaraju wa India alikuwa amemzidi askari mmoja tu, na karibu kila mtazamaji alikwisha kujiandaa kwa sare na kwa michezo ya kasi ya siku iliyofuata. Ngome ile kwenye f2 ilikuwa mwaliko wa kubadilishana ngome. Wakishabadilishana, askofu wa Gukesh angesimama d5 na kumkabili uso kwa uso askofu wa Ding, aliyejikunyata kwenye pembe ya a8 bila pa kukimbilia. Maaskofu nao wangeondoka, wangebaki wafalme na askari, na hapo askari mmoja wa ziada hutosha. Gukesh, kijana wa miaka 18, aliliona hilo. Hatua tatu baadaye Ding alimpa mkono. Maneno yakaanza palepale: taji la dunia limetolewa na kosa ambalo hata mwanafunzi analiona. Kwamba mwanafunzi analiona, sibishi. Ninachobisha ni hukumu inayofuatia, kwamba ushindi wa namna hiyo haukuwa wa ufundi. Kipindi cha lala salama, kete zikiwa chache na saa ikila dakika, ndipo ufundi wa mchezo huu unapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote, na kosa la anayeshindwa mara nyingi ni kazi ya mikono ya anayeshinda.

Tuanze na neno “sare”, maana ndilo linalotupotosha. Siku hizi kompyuta imekwisha kuhesabu kila hali inayowezekana ubaoni zikiwamo kete 7 au pungufu, wafalme wakihesabiwa. Hazina ya namna hiyo ilikamilishwa katika Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 2012. Ukiiuliza, inajibu bila kusita: ushindi, kipigo au sare. Jibu ni la kweli, lakini halina uzito. Kuna sare ambayo mlinzi ana njia 10 za kuifikia, na kuna sare yenye njia moja tu, nyembamba kama uzi, na akishaipita anakuta nyingine nyembamba kuliko ile. Mashine inaziita zote kwa jina moja. Kwa binadamu anayezicheza hazilingani kabisa. Mwaka 1977 grandmasta wa Marekani Walter Browne aliweka dau kwamba angeishinda kompyuta iitwayo Belle, yeye akiwa na malkia na mashine ikiwa na ngome peke yake, jambo ambalo vitabu vyote vilihesabu kuwa rahisi. Mashine ilijitetea kwa namna ambayo hakuna mtu angeichagua, na hatua 50 zinazoruhusiwa zikamwishia. Alikwenda kujifunza upya, akarudi, akashinda kwenye hatua ya 50 yenyewe. Kati ya kile kilichomo katika hazina ya mashine na kile ambacho mtu anaweza kukitenda akiwa kitini kuna bonde pana, na fundi wa lala salama hulima humo.

Mkulima hodari wa bonde hilo ni Magnus Carlsen wa Norway, na shamba lake maarufu ni mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia, Dubai, Desemba 2021. Kabla yake, michezo 19 mfululizo ya ubingwa, ukiacha ile ya kasi, ilikuwa imekwisha kwa sare tangu mwaka 2016, na watu walikuwa wameanza kuuimbia mchezo wenyewe nyimbo za msiba. Carlsen alitoa malkia wake kwa ngome mbili, kisha, kwenye hatua ya 80, akabomoa tena mizani aliyoijenga mwenyewe, mpaka mwishowe akabaki na ngome, farasi na askari wawili dhidi ya malkia mtupu wa Ian Nepomniachtchi wa Urusi. Mashine ilisema sare. Carlsen hakuwa akiiuliza mashine. Alikuwa akimuuliza Nepomniachtchi, na kila hatua ilikuwa swali lililotaka jibu ndani ya sekunde chache, kwa kuwa saa zao zote mbili zilikuwa zimekaribia kukauka na kila hatua ilirudisha sekunde 30 tu. Askari wake wawili walipanda polepole, ngome na farasi wakiwafunika, bila papara, kama mtu anayepandisha maji mlimani kwa kata. Kwenye hatua ya 130 malkia alitakiwa abaki mbali, asumbue kutoka nyuma. Nepomniachtchi alimleta e6. Jibu hilo moja lilitosha. Mchezo ulifika hatua 136, mrefu kuliko wowote katika historia ya ubingwa, ukachukua saa 7 na dakika 45. Nepomniachtchi hakushinda mchezo hata mmoja baada ya hapo, na akafungwa pointi 7.5 kwa 3.5. Atakayeniambia kwamba kosa la hatua ya 130 liliangukia meza ile kwa bahati, nitamwomba anihesabie maswali yaliyolitangulia.

Kwa mlinzi ufundi huu una sura nyingine: ni maarifa yaliyoshuka kutoka kichwani yakakaa vidoleni. Mfaransa Philidor, katika karne ya 18, alionyesha jinsi mwenye ngome tupu anavyomzuia mwenye ngome na askari. Ngome ya mlinzi ikae mstari wa tatu kutoka upande wake ili mfalme adui asivuke. Askari akikanyaga mstari huo, ngome ikimbilie ukingo wa pili wa ubao na kumpiga mfalme cheki kutoka nyuma, kwa kuwa sasa hana kivuli cha kujifichia. Unaweza kulieleza hilo kwa pumzi moja. Kulitenda katika saa ya sita, macho yamechoka na sekunde 30 zinadondoka, ni habari nyingine. Mwaka 2013, kule Geneva, Anna Ushenina wa Ukraine, akiwa bingwa wa dunia wa wanawake, alibaki na askofu na farasi dhidi ya mfalme mtupu, ushindi unaofundishwa katika kila kitabu, na hatua 50 zikaisha kabla hajamfunga. Elimu isiyofanyiwa mazoezi ni kama deni: saa ndiyo inayokuja kulidai.

Kuna wanaosema dawa ni kuwarudishia wachezaji muda. Zamani mchezo ukichelewa uliahirishwa, hatua ya mwisho ikafungiwa katika bahasha, na kesho yake watu wakaendelea wakiwa wamelala na kufikiri. Siidharau enzi hiyo. Lakini usiku ule waliofikiri walikuwa wengi: wasaidizi walikesha juu ya ubao, na aliyerudi asubuhi alibeba akili za jopo zima. Mwaka 1972, Reykjavik, mchezo wa 21 wa ubingwa wa dunia kati ya Bobby Fischer na Boris Spassky uliahirishwa, na Spassky akakubali kushindwa kwa simu; taji likahama bila kete kuguswa tena. Kompyuta zilipokua, kuahirisha kukawa sawa na kumpeleka mgonjwa kwa mganga anayejua jibu tayari, kukaachwa. Fischer huyohuyo ndiye aliyebuni saa inayoongeza sekunde kwa kila hatua, akaitumia katika mechi yake ya mwaka 1992, mtu asife kwa kukosa sekunde ya kusogeza mkono. Na saa si mgeni aliyevamia mchezo huu jana. Mwaka 1861 Anderssen na Kolisch walicheza wakipimwa kwa mchanga, na London ikaleta saa za mitambo mwaka 1883.

Pingamizi zito zaidi linatokana na hali ya Ding mwenyewe. Alikuwa na dakika kama 10, na sekunde 30 za nyongeza. Huyo, utasema, hakubanwa na saa. Nami nasema saa hubana kabla haijaisha. Dakika alizokuwa amezitumia tangu mchezo uanze hazikuondoka peke yake, ziliondoka na nguvu ya kutilia shaka hatua inayoonekana salama. Gukesh alikuwa na muda mwingi kuliko yeye, na hakuna kilichomlazimu kuendelea kusukuma nafasi iliyoonekana kavu. Aliendelea. Kuendelea huko, katika mchezo ambao angeweza kuumaliza kwa sare bila mtu kumlaumu, ndiko ninakokuita kazi.

Wala ufundi huu hauna mmiliki wa kudumu. Juni 2025, Stavanger, Carlsen alikuwa na mchezo mzuri dhidi ya Gukesh, sekunde zikiwa haba na nyongeza ikiwa 10 tu. Kwenye hatua ya 52 alimpeleka farasi e2 kwa cheki. Mchezo ukageuka, akashindwa, akaipiga meza kwa ngumi. Sasa kafungue ule mchezo wa Dubai, anzia hatua ya 80, na kabla hujaanza uzime ule mstari wa kompyuta unaokuambia nani anaongoza.