Ngalawa Iliyopotea Kwenye Upau wa Juu

Tuseme programu ya Android ya kuwaonyesha wavuvi saa za maji kujaa na kupwa inahitaji kitufe cha kufungua ramani ya uvuvi. Mchoraji ameshaandaa aikoni ya ngalawa, faili ipo, na programu imejengwa vizuri. Ukiifungua, upau wa juu hauna ngalawa. Pana vidoti vitatu tu.

Tatizo hili huwasumbua watengenezaji wengi, hasa wanaoanza, kwa sababu programu haianguki wala haiandiki kosa lolote. Dalili ndiyo shahidi mkuu, na ukiisoma vizuri inatosha kukupeleka kwenye chanzo.

Tuanze na mchoro. Aikoni ya upau hukaa ndani ya mraba wa dp 24 kwa 24. Dp moja ni sawa na pikseli moja kwenye skrini yenye nukta 160 kwa inchi. Simu nyingi zina nukta zaidi ya hizo, ndiyo maana picha ya PNG ilitakiwa kuandaliwa kwa ukubwa tofauti: pikseli 24, 36, 48, 72 na 96. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, mfumo unasoma michoro ya vekta, yaani faili moja inayoeleza mistari, nayo huchorwa upya kulingana na skrini. Ngalawa yetu ilipitishwa kwenye zana ya Vector Asset ndani ya Android Studio, ikawa ic_ngalawa.xml kwenye folda ya drawable. Hapa hapakuwa na hitilafu.

Hitilafu ilikuwa kwenye faili ya menyu. Kila kitufe cha upau huandikwa humo kikiwa na kitambulisho, aikoni, jina, na sifa ya showAsAction inayoamua kikae wapi. Upau unaotoka kwenye maktaba ya AppCompat huisoma sifa hiyo ikitanguliwa na app:. Katika faili yetu ilitanguliwa na android:, maktaba ikaipuuza, na kitufe kikapelekwa nyuma ya vidoti vitatu, mahali ambapo kwa kawaida majina huorodheshwa bila picha. Android Studio inaweza kuutia alama mstari huo, lakini programu hujengwa hata hivyo. Kilichohitajika ni kuandika app:showAsAction="ifRoom". Thamani hii ni bora kuliko always, kwa kuwa kwenye simu nyembamba inauachia mfumo nafasi ya kulinda kichwa cha ukurasa.

Ngalawa ikaonekana, lakini simu ilipowekwa mandhari meusi ikatoweka tena: mistari myeusi juu ya upau mweusi. Dawa ni kuipa vekta android:tint yenye thamani ?attr/colorControlNormal, ili rangi ifuate mandhari. Gharama yake ni kwamba tint hubakiza umbo peke yake. Tanga la chungwa na mtumbwi wa kahawia vyote huwa rangi moja, kwa hiyo aikoni ya upau lazima ieleweke kwa umbo lake tu.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni jina. TalkBack, kisoma skrini cha Android, humsomea asiyeona neno lililo kwenye sifa ya title, na neno hilohilo hujitokeza mtu anapobonyeza kitufe na kushikilia. Kwa hiyo liandikwe “Ramani ya uvuvi”, yaani kazi ya kitufe. Likiandikwa “Ngalawa”, asiyeona anaambiwa habari za mchoro asiouhitaji, na njia ya kwenda kwenye ramani inabaki imefungwa kwake.

Basi aikoni isipoonekana, usikimbilie kuichora upya. Gusa vidoti vitatu kwanza. Jina likiwemo humo, menyu imesomwa, kagua showAsAction. Kama jina halipo wala vidoti havipo, chunguza kama Toolbar uliyoiweka mwenyewe imeunganishwa kwa setSupportActionBar, na kama menyu inapakiwa ndani ya onCreateOptionsMenu. Kukiwa na nafasi tupu inayoitikia kidole, chanzo ni rangi. Na aikoni ikishaonekana, washa TalkBack, fumba macho, uitafute ramani kwa kusikiliza. Ukiipata, kazi imekamilika.