Mtoto Aliyeujua Mwisho

Vitabu vinavyomtwaa mtoto wa leo na kumtia katika zama za kale ni vingi, ewe msomaji, na baadhi yake ni somo la historia lililopakwa asali tu. Mtoto huruka, humwona mfalme, hurudi kwao kabla ya chakula cha jioni. Hata E. Nesbit, mmoja wa waliofungua njia hii kwa kitabu chake The Story of the Amulet mwaka 1906, huwapitisha watoto wake Misri na Babeli kwa haraka ya mtalii. Huchekesha mno, hasa pale malkia wa Babeli afikapo London. Walakini hirizi ikisha kuwaondoa watoto mahali, hawaachi nyuma mtu wa kumlilia.

Sasa chukua A Traveller in Time cha Alison Uttley, kilichotolewa mwaka 1939. Penelope, msichana dhaifu wa London, apelekwa kwa jamaa zake shambani Derbyshire. Siku moja afungua mlango, na kumbe nyumba ni ile ile, ila zama ni za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na wenye nyumba ni akina Babington. Jikoni mna moto, majani ya kunukia, na mwanamke ampokeaye kama mtoto wa ndugu yake. Uttley, ambaye mwenyewe alikulia shambani huko Derbyshire, hana haraka ya kutoka jikoni humo, naye amefanya vyema: mtu humzoea mtu kwanza, ndipo amhofie.

Anthony Babington ataka kumwokoa Mary, Malkia wa Uskoti, aliyefungwa na Elizabeth. Historia yasema kwamba Babington aliuawa mwaka 1586, na Mary akakatwa kichwa mwaka 1587. Penelope ayajua hayo. Fikiri hali yake! Aketi na vijana wanaocheka na kupanga mambo ya kesho, na kesho yao yeye amekwisha kuisoma. Akisema, neno lake halizuii kitu. Akinyamaza, awatazama awapendao wakienda. Darasani 1586 ni tarehe iliyopita, bali hapa ni siku isiyofika bado, na waiendeao hawaijui.

Kasoro zipo. Apendaye panga na farasi atachoshwa na kurasa za mitishamba, na Uttley amempendelea Mary hata Elizabeth hakupata wa kumtetea. Lakini hakumpa Penelope uwezo wa kuugeuza mwisho wa Babington, kishawishi ambacho waandishi wengi wangeshindwa nacho.