Namna ya Kupima Gofu la Mezani kwa Ukuta wa Thimlich Ohinga

Gofu la mezani ni jengo dogo lililobomoka, linaloundwa kwa vipande vya plastiki na kuwekwa mezani ili sanamu za askari zenye kimo cha milimita 28 hivi zipigane kati ya kuta zake kwa kufuata kanuni, kete na rula. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za mchezo wa jamii hii mwaka 1913 katika kitabu chake Little Wars. Magofu mengi yanayouzwa leo huiga makanisa na nyumba za matofali za Ulaya, na ndiyo maana anayepima gofu la asili ya Afrika Mashariki hana budi kuanzia kwenye ukuta halisi. Katika kaunti ya Migori, nchini Kenya, ukuta huo ni wa Thimlich Ohinga, boma la mawe lililo kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, linalokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Kuta za boma hilo hazina saruji wala udongo wa kugandisha. Mawe yasiyochongwa yalipangwa safu mbili, ya nje na ya ndani, na nafasi ya katikati ikajazwa mawe madogo, hata uzito na kubanana kwa mawe yenyewe vikausimamisha ukuta. Hapo ndipo fundi stadi anapoachana na mwunganishaji wa haraka, kwa kuwa ukuta wa matofali huvunjika mapande kwa mapande na kuacha meno makali hewani, ilhali ukuta uliopangwa hufumuka: safu moja hutokeza tumbo, mawe ya juu huporomoka, ya kujazia humwagika, na pengo hugeuka mteremko. Gofu la Thimlich lenye meno ya matofali ni kosa, hata likipakwa rangi kwa ustadi wa namna gani.

Mkaguzi aanze kwa kulitazama gofu kutoka juu, mahali ukuta ulipokatika. Kuta halisi zina unene wa kuanzia mita 1 na kimo cha mita 1.5 hadi 4.5; kwa uwiano wa 1 kwa 56, unaolingana na sanamu hizo, unene huo ni kuanzia milimita 18 na kimo ni kati ya milimita 27 na 80. Kipande cha plastiki kitokacho kiwandani huwa na unene wa milimita chache tu, tena mara nyingi kina sura ya mawe upande mmoja. Fundi mzuri huviweka vipande viwili migongo ikielekeana, akaacha nafasi kati yake na kuijaza changarawe, ili pale ukuta ulipokatika paonekane tabaka zote tatu. Kisha yakaguliwe mawe yaliyoanguka, kwani lundo la chini lisilotosha kuziba pengo la juu huonyesha kwamba mawe yametoweka bila sababu, isipokuwa fundi ameonyesha kwamba yalichukuliwa kujengea kwingine.

Lango ndilo mtihani mgumu zaidi. Malango ya Thimlich ni mafupi na yamefunikwa kwa linta, yaani mawe marefu yanayolala juu ya uwazi na kubeba uzito wa ukuta, kwa hiyo linta isiyoegemea vizuri pande zote mbili huharibu kazi nzima. Wachezaji hupenda kulipanua lango ili kitako cha sanamu kipite. Hilo laweza kusamehewa, mradi kimo kisiongezwe.

Maungio yatazamwe kwenye mwanga wa ubavuni. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, na mstari unaokatiza mawe ni alama ya kazi iliyoachwa bila kusuguliwa kwa msasa. Jiwe lilelile likijirudia kila baada ya sentimita kadhaa, kipande kimoja kimetumika mara nyingi bila kukatwa upya.

Rangi ni jambo jepesi kuliko inavyodhaniwa: kijivu kimoja hakitoshi, na vumbi likae mahali maji ya mvua yasipofika. Mimea ina uzito zaidi, kwa sababu miti na mizizi yake ni miongoni mwa vitu vinavyobomoa kuta za namna hii, hivyo kichaka kilichobandikwa mbali na pengo ni pambo tu, ilhali kilichoota ndani ya ufa kinaeleza ukuta ulianzia wapi kufumuka.