Kidole Gumba cha Mpaka Nta

Mzee yule hakuangalia kipimajoto. Alitoka kibandani, akavua glavu, akachota theluji kiganjani, akaifumbata na kuifumbua. Kisha akaipikicha kwa kidole gumba karibu na sikio lake. Ilikuwa asubuhi mjini Seefeld, katika milima ya Tyrol, Austria, jua likianza kugusa mapaa ya hoteli, na theluji ya njiani ilikuwa imeganda usiku kucha ikawa ngumu. Saa tano ingekuwa imelegea na kujaa maji. Mbio za ski zilipangwa katikati ya nyakati hizo mbili, na yeye alitakiwa kupaka nta itakayofaa kwa theluji ambayo bado haijawa.

Nilikitazama kile kidole kuliko nilivyoutazama uso wake. Ngozi yake ilikuwa kavu, imepasuka pembeni, na chini ya ukucha kulikuwa na rangi ya kijani na zambarau isiyotoka tena kwa sabuni. Alibandika nta chini ya ski, mahali wayo unapokaa, akaisambaza kwa kizibo, akapitisha moto wa gesi kwa mbali, akaisugua tena. Mwisho akaweka kizibo chini na kumalizia kwa gumba peke yake, taratibu, akitoka kisiginoni kwenda mbele. Tabaka la kwanza likafuatwa na la pili, likaachwa lipoe nje, likaja la tatu. Nilipomuuliza kwa nini asitumie pasi kwa kazi yote, aliniambia kwamba pasi haijui inagusa nini.

Nilimkumbuka fundi wa majahazi anayepaka deheni tumboni mwa chombo kabla ya maji kujaa. Naye hutia mkono wake mwenyewe katika shahamu na chokaa, na bahari humjibu baadaye, mbali na macho ya watu.

Kazi yenyewe ni ya kupatanisha mambo mawili yasiyopatana. Ski ya mbio za masafa imepinda kidogo katikati. Mkimbiaji akisimama kwa miguu yote miwili, sehemu iliyo chini ya wayo huinuka, haigusi theluji. Akihamisha uzito wote mguu mmoja na kukanyaga, sehemu ile hushuka na kuuma chini. Nta ya kushika hukaa hapo, urefu wa dhiraa moja na ushei. Ikiwa laini kupita kiasi, theluji huiganda na mkimbiaji akabeba donge kila hatua. Ikiwa ngumu kupita kiasi, mguu hurudi nyuma mlimani na nguvu zote zikapotea bure. Theluji mpya ina ncha kali zinazochoma nta, kwa hiyo huhitaji nta ngumu. Iliyokwisha kuyeyuka na kuganda tena haina ncha, nayo huhitaji klista, ile nta ya majimaji inayonata vidoleni, kwenye nguo na kwenye kitasa cha mlango. Na joto linapokaa kwenye nyuzi sifuri, theluji mpya ikidondoka juu ya ile iliyolowa, wapaka nta hodari hubishana hadi dakika za mwisho. Wengine huacha nta kabisa, wakaikwaruza ski kwa msasa hadi iote vinyweleo.

Wazee wa kale huko Skandinavia walipaka lami ya msonobari na kuichoma hadi inywewe na mbao. Mwaka 1913 Peter Østbye wa Norway alipata hataza ya klista. Martin Matsbo, Mswidi aliyepata medali ya shaba katika mbio za kupokezana za Olimpiki ya 1936, ndiye aliyehangaika na nta za Swix, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946, ambazo zilipangwa kwa rangi kufuata baridi: kijani, buluu, nyekundu. Kisha ikaja Falun, Sweden, mwaka 1974, ambapo Thomas Magnuson alishinda kilomita 30 akiwa na ski za nyuzi za kioo kutoka kiwanda cha Kneissl cha hapo hapo Tyrol. Ski za mbao hazikuishi muda mrefu baada ya siku ile. Mbao ilikuwa ikiishika nta vizuri. Plastiki ilienda kasi zaidi, na waliotaka kasi ndio walioamua.

Seefeld yenyewe nusura iuzike ufundi huu. Ilipoandaa mashindano ya dunia mwaka 1985, wakimbiaji walikuwa wamegundua kwamba wakisukuma ski kwa ubavu, mguu mmoja baada ya mwingine, hawana haja ya nta ya kushika hata chembe. Gunde Svan wa Sweden akachukua kilomita 30 na kilomita 50. Nawafikiria wapaka nta wa mwaka ule, masanduku yao yamejaa rangi zote, na kumbe kinachotakiwa ni ski tupu inayoteleza. Shirikisho la kimataifa la ski, FIS, likazigawa mbio: nyingine zikawa za mtindo wa asili, nyingine za mtindo huru. Mashindano ya dunia yaliyofuata, yale ya Oberstdorf, Ujerumani, mwaka 1987, yalifanyika kwa mgawanyo huo. Naushukuru uamuzi ule kuliko medali yoyote iliyowahi kutolewa milimani kule.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipande chetu katika habari hii. Katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, Philip Boit wa Kenya, mwanariadha kutoka upande wa Eldoret, alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, nafasi ya 92, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mstarini akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Picha ya kukumbatiana kwao tunaijua wote. Lakini mbio zile zilikuwa za mtindo wa asili, maana yake kuna mikono iliyopaka nta ya kushika chini ya miguu ya Boit ili aweze kupanda vilima vile bila kurudi nyuma. Mikono hiyo haimo pichani.

Mashindano ya dunia yaliporudi Seefeld Februari 2019, siku za jua kali zililegeza njia mchana, na kazi ya kuchagua nta ikawa kazi kwelikweli. Tarehe 27 mwezi ule, siku ya kilomita 15 za wanaume za mtindo wa asili, polisi wa Austria waliwakamata wanariadha watano kwa tuhuma za kuchezea damu yao. Martin Johnsrud Sundby wa Norway alishinda mbio. Ulimwengu ukaandika juu ya damu, na ulikuwa na haki ya kuandika. Ila inaniuma kwamba katika mji uleule, saa zilezile, walikuwapo watu walioamka kabla ya alfajiri kutafuta sehemu ya sekunde kwa njia halali, kwa mikono na uvumilivu, na hakuna aliyewageukia.

Zaidi ya hapo, wakimbiaji wenyewe wameanza kuikimbia nta. Wamejijenga mabega na mikono, na panapowezekana husukuma kwa fimbo mbili kwa pamoja mwanzo hadi mwisho, bila nta ya kushika, hata katika mbio zinazoitwa za asili. Kuanzia msimu wa 2016 FIS iliweka mpaka wa urefu wa fimbo, asilimia 83 ya kimo cha mkimbiaji, na sehemu za njia ambapo kusukuma hivyo ni marufuku. Ufundi unaolindwa kwa alama za barabarani uko mashakani.

Kuhusu nta za florini, sina chozi la kutoa. Zilikuwa na kasi ya ajabu, lakini watafiti walipopima damu ya wapaka nta wa timu za taifa walikuta kemikali za florini kwa wingi uliopita mbali ule wa watu wengine. Mafundi waliuvuta moshi wa nta hizo vyumbani ili wengine wapande jukwaani. Marufuku ilitangazwa mwaka 2019, ikacheleweshwa, ikaanza kutekelezwa msimu wa 2023. Nilitumaini kwamba baada ya florini gumba la mzee litarudishiwa heshima yake. Badala yake mataifa tajiri yanakuja na malori makubwa yaliyo karakana nzima, na mashine za jiwe zinazochonga mistari chini ya ski, huku fundi wa nchi ndogo akibaki kibandani na sanduku lake.

Na theluji yenyewe inabadilika. Ile ya mashine huanza ikiwa punje, haijawahi kuwa na ncha. Davos, Uswisi, huifukia theluji chini ya vumbi la mbao wakati wa joto na kuitandaza Oktoba ili watu wapate njia ya kukimbilia. Ni akili kubwa, sikatai, lakini fundi aliyejifunza kusoma theluji inayoshuka kutoka mbinguni sasa anasoma theluji iliyolala ghalani. Madukani mgeni anakodishiwa ski zenye ukanda wa manyoya chini ya wayo. Anashuka garini, anazivaa, anaondoka, na nta hajaigusa wala hajui harufu yake.

Mwaka 2027 mashindano ya dunia yanakwenda Falun, palepale mbao iliposhindwa. Karatasi ya matokeo itataja jina la mkimbiaji, nchi yake, muda wake hadi sehemu ya sekunde. Hata kampuni iliyotengeneza ski itaonekana, maana mshindi huziinua mbele ya kamera kabla hajapumua vizuri. Nafasi ya mstari mmoja zaidi ipo kwenye karatasi ile. Naomba waandike aliyepaka.