Jua Kali la Mchana pale Thomson's Falls

Wapigapicha wa maporomoko huambiwa kila siku waende alfajiri au wasubiri mawingu. Aliyeshuka Nyahururu na matatu ya asubuhi hana nafasi hiyo. Mji uko kilomita chache tu kutoka mstari wa ikweta, na ikifika saa sita jua linamwagika moja kwa moja ndani ya bonde ambamo maji ya Ewaso Narok yanaanguka mita 74. Hapo ndipo watu hutoa filta nyeusi tititi, ile ya ND1000, wakaacha shata wazi sekunde kadhaa, na maji yakatoka kama pazia jeupe lisilo na uzi hata mmoja. Naiona hiyo ni hasara kubwa, maana maporomoko marefu hayahitaji muda wote huo.

Tazama mwendo wa maji yenyewe. Ukiacha upinzani wa hewa, tone lililokwisha kuanguka mita 20 linakwenda karibu mita 20 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/1000, tone hilo linasogea sentimita 2 tu, nalo linaonekana tone. Kwa 1/15 limeshapita zaidi ya mita moja: mchirizi umechoreka, laini, lakini kila mkondo bado unajitenga na mwenzake. Ukifika sekunde nzima, mikondo yote imelaliana na umbo limepotea. Kwa jicho langu, 1/15 hadi 1/8 ndiyo kasi ya maporomoko haya. Sekunde nzima iachiwe mto ulio chini bondeni, pale maji yanapotambaa kati ya mawe.

Sasa mwanga. Kanuni ya enzi za filamu inasema jua likiwa kali, tundu la lenzi liwe f/16 na kasi ikaribiane na ISO. Kwa ISO 100, basi, 1/125. Maji meupe yanarudisha mwanga mwingi kuliko majani, kwa hiyo napunguza hatua moja, yaani nusu ya mwanga, hadi 1/250. Filta ya polaraiza inakula hadi hatua mbili: tuko 1/60. Filta nyepesi ya ND4, inayopitisha robo ya mwanga, inatufikisha 1/15. Kwisha. Kubana tundu hadi f/22 sishauri, kwani mwanga hupinda unapopenya tundu dogo na picha nzima hupoteza ukali.

Hatari iliyobaki ni kipimo cha kamera. Ikiachiwa iamue yenyewe, inaona mwamba mweusi na miti ya bondeni, inadhani pana giza, inaongeza mwanga, na weupe wa maji unaungua. Weka kila kitu kwa mkono, piga picha ya majaribio, kisha usome histogramu: ikigota ukingo wa kulia, nyuzi za maji zimepotea na hakuna programu itakayozirudisha. Afadhali mwamba uwe na giza, kwani vivuli vya faili la RAW huinuliwa baadaye bila taabu. Wingu likipita, mwanga waweza kushuka hatua mbili au tatu, hivyo pima upya. Polaraiza usiivue hata wakati huo. Ndiyo inayoondoa mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa.

Kuna zawadi moja ya jua la juu ambayo wa alfajiri hawaipati kwa namna hii. Upinde wa mvua hujichora nyuzi 42 kutoka mahali palipo mkabala na jua. Jua likipanda kupita nyuzi hizo, aliyesimama tambarare hauoni tena. Lakini ukingoni mwa Thomson's Falls unatazama chini, ndani ya mvuke, na jua likiwa mgongoni upinde unaweza kutokea chini ya miguu yako hata adhuhuri. Mwanga wake ni wa aina ambayo polaraiza huweza kuuzuia au kuupitisha, kwa hiyo zungusha pete ya filta taratibu ukitazama skrini: pembe moja itaufuta upinde, robo mzunguko mbele itaukoleza rangi. Iache hapo, hata kama mng'ao wa mawe utarudi kidogo.