Mlango wa Mwajuma

Mtoto wa visiwani huulizwa "wewe kabila gani?" kabla hajaijua maana ya neno hilo. Akiuliza, wakubwa humjibu kuwa rangi si kitu. Lakini siku ya posa huiona rangi ikipimwa mbele yake. La kwanza amelisikia, la pili ameliona, nalo ndilo alishikalo.

Adam Shafi, katika riwaya yake Vuta N'kuvute (1999), hakuhubiri. Amemchukua Yasmin, binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Yasmin akaikimbia ndoa ile, na jamaa zake wakamkataa. Aliyempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Kiafrika asiye na kitu ila chumba chake. Kijana aisomaye skulini hahitaji kuambiwa ubaguzi ni nini: amekwisha kuona nani kafunga mlango na nani kafungua.

Hata hivyo, ipo kasoro. Uchungu wa Yasmin twaujua ndani na nje. Wa Mwajuma twaukisia tu. Yeye hutoa, hucheka, husitiri, na kwa kiasi kikubwa hubaki mwenyeji wa masaibu ya mwenzake. Mwalimu asiyeliuliza hilo humwacha mwanafunzi na nusu ya somo, akidhani wema wa fukara ndio dawa ya dhuluma.

Ukarimu si haki. Mtoto na aulizwe pia: siku Mwajuma akikosa pa kulala, nani atamfungulia?